Mkwe Hasemeshwi

Vijana wa chumba cha walimu, mmeniomba niwaandikie namna nilivyofundisha Kiingereza maisha yangu yote bila kupata kichaa. Sina hakika kama sikukipata. Nimestaafu mwezi uliopita, mkanipa saa ya ukutani na blanketi zuri, na sasa nina nafasi ya kukaa barazani nikaandika. Sitawaeleza nilivyopandishwa cheo, maana kila mara nilipandishwa baada ya wengine wote kukataa. Wala sitasema habari za mshahara, nyinyi wenyewe mnaujua, tusitiane uchungu. Nitawaeleza kazi yangu ya kwanza ya ugenini, kwa kuwa naona wengi wenu mnaulizauliza jinsi ya kupata kazi ya kufundisha nje.

Nje kwangu mimi ilikuwa hapa hapa Mtwara. Msicheke. Katika ile miaka ya hamsini Unguja ilikuwa na serikali yake na Tanganyika ilikuwa na yake, na mtu akivuka bahari kuja huku aliagwa kwa dua na machozi. Nilikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana mjini Unguja, nimefundisha Kiingereza muda wa kutosha kumjua mtoto atakayefeli kwa jinsi anavyoshika kalamu. Nilikuwa pia nimeachika. Mwanamke aliyeachika mjini kwetu hapumziki: kila jirani ana mchumba wa kumletea, na kila mchumba ana meno matatu. Nikaona bora nitafute kazi ya mbali.

Mjomba wangu alikuwa karani wa meli, ndiye aliyeniletea habari. Alisema huko kusini ule mradi mkubwa wa karanga umekufa, lakini bandari iliyojengwa kwa ajili yake ipo, mpya, bado inanuka saruji. Kampuni moja ya kupakia na kupakua mizigo ilikuwa inatafuta mwalimu mzoefu awafundishe wafanyakazi Kiingereza cha kusema. Nikaandika barua. Na hapa nawapa ushauri wa bure: ukiomba kazi ugenini, eleza unachokiweza, usieleze unavyoipenda nchi yao. Hujaiona. Mimi niliandika kwamba naweza kumfanya mtu mzima asiyejua neno aulize njia, aombe maji na alalamike, vyote kwa Kiingereza, na kwamba kulalamika ndiko wanakojifunza haraka zaidi. Wakajibu kwa neno moja, njoo.

Kaka yangu hakufurahi. "Zuhura," aliniambia siku ya kuagana, "mimi nakupa miezi mitatu. Ukirudi, chumba chako nitakuwa nimeshampangisha mtu." Kaka yangu alikuwa na tabia ya kusema kweli kwa ukali, nami nilikuwa na tabia ya kutosahau. Nilipanda meli nikiwa nimeapa moyoni kwamba sirudi.

Meneja wa kampuni alikuja kunipokea gatini. Alikuwa Mzungu mrefu aliyeungua jua mpaka masikio. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kisha akatazama meli.

"Mume wako yuko wapi?" akauliza.

"Sina mume."

"Namtafuta mwalimu."

"Mwalimu ndiye mimi," nikamwambia. Akavua kofia akajikuna kichwa. Katika barua nilikuwa nimetia sahihi kwa herufi moja na jina la baba, kama tulivyozoea skuli, na yeye hakuuliza zaidi.

Sikumlaumu, naye hakuwa mtu mbaya. Alisema kazi ni ya wapagazi, makarani na waendesha winchi, wanaume watupu, na hajui kama watamsikiliza mwanamke. Lakini meli ilikuwa inaondoka, na nyingine haikuwa karibu. Tukapatana hivi: nifundishe mpaka msimu wa korosho. Wakati huo mkubwa wa kampuni atakuja kutoka Dar es Salaam na ataketi darasani. Akiwasikia wafanyakazi wanazungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, nabaki. Asipowasikia, darasa linafungwa nami narudi kwa meli ya kwanza. Nikasema sawa.

Nilipanga chumba mtaa wa Magomeni, hapa hapa Mtwara, kwa Mama Ajaba, Mmakonde mjane aliyekuwa akikaanga korosho uani kwake na kucheka kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Siku ya kwanza alinipa ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, nikavila pamoja na maganda. Aliketi chini kabisa kwa kucheka. "Ntu wa Unguja huyu!" akawaita majirani. "Anakula mpaka nguo za chakula!" Kwa wiki nzima kila niliyekutana naye njiani aliniuliza kama nimeshiba maganda.

Darasa lilikuwa kona ya ghala, nyuma ya magunia. Ubao tuliutengeneza kwa mbao za kreti tukaupaka masizi yaliyopondwa na majani ya muhogo. Chaki zilipokwisha, Mama Ajaba alinipa makopa, ile mihogo iliyokaushwa, nikaona yanaandika vizuri kabisa na hayapigi kelele. Taabu yake ni kwamba panya walikuwa wanakula zana za kufundishia. Tulianza saa kumi alasiri, watu wametoka kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi. Sikutaka zile sentensi za vitabu, za paka na mkeka. Niliwaambia kila mmoja aseme jambo la kweli la kwake mwenyewe, kwa sababu mtu akiwa na jambo la kweli la kusema hulitafutia maneno. Basi nikasikia mambo: nani anadaiwa mahari, mke wa nani hapiki, nani hapatani na msimamizi. Kulalamika, kama nilivyoahidi, kulikwenda mbio.

Mwanafunzi bora alikuwa Hassani, kijana wa Mpapura, karani wa kukagua mizigo. Kazi yake ilikuwa kusema na manahodha kama bidhaa imefika salama au imevunjika, kwa hiyo alikuja tayari na maneno mawili matatu, nayo aliyatumia kwa kila kitu. Ukimwuliza habari za asubuhi, alijibu kwa Kiingereza kwamba amefika salama, hajavunjika. Mkewe alikuwa shambani Mpapura akiangalia mikorosho, naye alimfuata kila mwisho wa juma kwa baiskeli. Nilimtegemea Hassani. Nilijiambia, akija huyo mkubwa, Hassani atazungumza na wenzake watamfuata.

Kisha akaja Bi Somoe. Alikuwa Mmakua wa Mikindani, mama wa makamo, mhudumu katika wodi ya akina mama hospitalini, na siku za kazi alilala kwa ndugu zake mtaa wa Ufukoni. Mkuu wa wauguzi alimwomba meneja amruhusu asome nasi, maana wagonjwa walikuwa wanasema Kimakonde, daktari anasema Kiingereza, na yeye amekaa katikati bila msaada. Nilifurahi mno kupata mwanamke mwenzangu. Nikamfungulia mlango, nikamkaribisha kwa sauti. Alipotia mguu ndani, Hassani aliruka dirishani.

Nilidhani ameona nyoka. Bi Somoe naye akaenda kona ya mwisho, akakaa akiutazama ukuta, akajifunika kanga mpaka puani. Siku ya pili Hassani alikuja akajibanza nyuma ya magunia, nikawa namfundisha mtu nisiyemwona. Wanaume waliokuwa wakipayuka na kuchekana, sasa wakawa kimya kama wako msikitini. Nikiwauliza swali, walijibu kwa kunong'ona. Wiki ikapita hivyo, na ya pili, na korosho za kwanza zikaanza kuletwa gatini.

Nikaona huu ni woga wa kuzungumza mbele ya mwanamke, na dawa ya woga ni kuuvunja. Basi siku moja nikamtoa Hassani nyuma ya magunia kwa kumshika mkono wa shati, nikamgeuza Bi Somoe kwa mabega, nikawasimamisha uso kwa uso. Nikamwambia Hassani amwulize lile swali la kwanza kabisa la Kiingereza, yaani jina lake nani. Mtu mzima yule alitoka jasho nikaliona. Bi Somoe akapiga kelele, akaivuta kanga ikafunika uso wote, akatoka. Hassani akatoka kwa dirisha lake. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, tena kwa adabu, kila mmoja akiniambia kwaheri mwalimu.

Nilifika nyumbani nalia. Mama Ajaba aliniuliza nini, nikamweleza yote. Nilipofika mahali pa Hassani kumwuliza mama yule jina, nilingoja acheke, kwa kuwa alicheka kila kitu. Hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "Somoe ndiye alomzaa nke wa Hassani. Yule ni nkwewe."

"Mkwe ndio. Kwetu mkwe tunambusu mkono, tunagombana naye, yamekwisha."

"Kwenu. Huku ntu na nkwewe hawatazamani. Hawali pamoja. Akimwona njiani anaingia porini. Ana neno la kumwambia, anamtuma ntu. Na jina lake! We umentuma ntoto wa watu aulize jina la nkwewe mbele ya wanaume!"

"Na wale wengine, mbona nao wamenyamaza?"

"Rafiki zake, si rafiki zake? Basi nkwe wake, nkwe wao. Utapayukaje mbele ya nkweo?"

Niliona haya, na nikaona pia kwamba nimekwisha. Nilikuwa na darasa zima la watu ambao kwa heshima tu hawawezi kufungua mdomo, na mkubwa wa Dar es Salaam yuko njiani. Kumtoa Bi Somoe nisingeweza. Yeye ndiye aliyekihitaji Kiingereza kuliko wote, maana wengine walikitumia kwa magunia na yeye kwa wanawake wanaojifungua. Nikalala na kitanzi cha maneno ya kaka yangu shingoni, na asubuhi Mama Ajaba akanigongea mlango na kuku mikononi. "Mpelekee Somoe," akasema. "Mwambie ntu wa Unguja hajui. Kila ntu anakumbuka ulivyokula maganda."

Nikaenda Ufukoni na kuku wangu. Bi Somoe alimpokea, akanikalisha. Kisha akaniambia jambo ambalo limenifundisha kazi kuliko vitabu vyote. "Mwalimu, mimi sikatai kusema naye. Nasema naye siku zote. Nampelekea habari, ananiletea habari. Ila yuko mtu katikati."

Basi! Kama yuko mtu katikati, na darasani awepo. Kesho yake nikamteua mjumbe, naye alikuwa Saidi, mwendesha winchi, mtu mnene mwenye sauti ya kusikika melini. Bi Somoe akae ukutani, Hassani akae dirishani, na Saidi asimame kati. Hassani amwambie Saidi kwa Kiingereza, Saidi amwambie Bi Somoe kwa Kiingereza kwamba Hassani amesema hivi na hivi, na jibu lirudi kwa njia ile ile. Na kwa kuwa wote walikuwa wakwe kwa urafiki, kila mtu akapitia kwa Saidi. Sentensi moja ilisemwa mara tatu, na kila mara na mtu mwingine. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, sijapata kuona watu wanajifunza haraka vile. Taabu ilikuwa moja, Saidi alikuwa anaongeza chumvi. Hassani akisema leo kuna jua, Bi Somoe alipelekewa habari kwamba Hassani anaungua, anaomba maji na mwavuli. Kwenye kona ya ukutani tukaanza kusikia kicheko chini ya kanga, na kicheko kile kikalifungua darasa upya.

Mkubwa akaja mwanzoni mwa msimu, mtu mfupi, mkavu, mwenye suti ya kahawia. Meneja alimkalisha kwenye sanduku la chai, yeye mwenyewe akasimama mlangoni akijipepea kwa kofia. Nilikuwa nimeomba dua zote ninazozijua. Tukaanza na salamu, zikaenda vizuri. Kisha mkubwa akasema anataka kuchagua mwenyewe watu wawili, wazungumze jambo lolote. Akanyoosha kidole ukutani. "Yule mama." Akanyoosha kidole dirishani. "Na yule."

Saidi akasimama katikati kama ilivyo ada. Mkubwa akamwuliza anafanya nini.

"Mimi ndiye ninayepeleka," Saidi akamjibu kwa Kiingereza kizuri.

"Kaa chini. Nataka wazungumze wao wenyewe."

Nikainuka kumweleza. Nilianza habari za mkwe, na heshima, na desturi za huku, akanikatiza kwa mkono. Alisema kama wanajua kuzungumza basi wazungumze, na kama hawajui, si vibaya, ajue tu. Meneja alinitazama kwa huruma. Saidi akakaa. Nikasikia panya kwenye makopa yangu. Hassani alikuwa ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, nami nikajiambia, akiruka tu, nami nafunga sanduku.

Aliyeanza ni Bi Somoe. Hakugeuka. Alivuta kanga mbele, akakaa sawa, na sauti yake ikatoka kwenye ukuta ikiwa ile ya wodini, ya kumpokea mtu asiyemjua.

"Habari za mchana," akasema kwa Kiingereza. "Hapa ni hospitali. Nani anaumwa?"

Kisha Hassani, akitazama nje baharini: "Hakuna anayeumwa."

"Kama hakuna anayeumwa, kwa nini umekuja hospitali?"

Sijui alikusudia kujibu nini. Nadhani alitafuta uongo wa haraka akaukosa, maana Kiingereza cha uongo sikuwa nimewafundisha.

"Mke wangu," akasema. "Mke wangu atapata mtoto."

Kanga ya Bi Somoe ikatikisika. Wanaume wote wakainamisha vichwa. Kwa Kiswahili au kwa Kimakonde kijana yule asingelitamka neno lile mbele ya mama yule hata kwa kuchapwa, na hata kumtuma mtu angechagua sana wa kumtuma.

"Lini?" ukuta ukauliza, na sauti haikuwa tena ya wodini.

"Baada ya mvua kubwa."

"Anakula?"

"Anakula ming'oko. Hataki kitu kingine."

"Kwa nini hakumwambia mama yake?"

Hassani akazidi kuishika fremu. Alisema polepole, neno kwa neno, kama anayevuka mto kwa mawe. "Mara mbili alipoteza mtoto. Mara mbili mama yake alilia sana. Mke wangu alisema, safari hii nitamwambia mama siku mtoto akicheza tumboni." Akaiachia fremu ya dirisha. "Ijumaa alicheza. Yuko salama. Hajavunjika."

Bi Somoe alipiga kigelegele. Alikipiga uso ukiwa ukutani, kikagonga mabati na kurudi, na wanawake waliokuwa nje wakichambua korosho wakakipokea bila kujua ni cha nini. Saidi alikuwa analia waziwazi, mwili mkubwa vile. Mimi pia. Yule mkubwa akaniinamia akaniuliza mama yule amesema nini.

"Amesema ahsante," nikamwambia.

Akakubali. Alitikisa kichwa, akamwambia meneja kwamba maigizo yale yamezidi kiasi, hasa mama, lakini Kiingereza kimesikika na darasa liendelee. Meneja akavaa kofia yake. Nilipotoka nje nilikwenda kumwandikia kaka yangu kwamba chumba ampangishe amtakaye.

Bi Somoe hakuonekana darasani kwa wiki mbili. Alikuwa Mpapura kwa binti yake, na inasemekana alimfokea nusu siku kabla ya kumpikia. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kona yake, akautazama ukuta, akajifunika. Hassani akakaa dirishani, na kabla sijasema neno Saidi alikuwa amesimama kati. Hassani akamtuma Saidi amwulize mama kama safari ilikuwa njema.

Sikuweza kuvumilia. Nikamwuliza Hassani kwa nini ananisumbulia Saidi, wakati yeye na mkwewe walishazungumza wenyewe, mbele ya watu, tena habari nzito.

Akanitazama kama mtu anayemwonea mwalimu wake huruma.

"Mwalimu," akasema, "siku ile nilikwenda hospitali, nikasema na muuguzi. Nkwe wangu mimi sijapata kumsemesha."

Na ukuta ukacheka.